Kome wavamizi: tunayodhani, na yale jeni zinayosema

Ninayemzungumzia ni kome mweusi wa Mediterania, Mytilus galloprovincialis, anayejishikiza mwambani kwa nyuzi ngumu za kahawia. Meli zimemsambaza sehemu nyingi za dunia, na dhana potofu juu yake zimeshaleta hasara.

Dhana: Mzoefu wa pwani atamtambua mgeni kwa macho.

Hata mtaalamu hukosea. Kusini mwa California kome weusi walionekana miaka nenda miaka rudi, na watu wakawachukulia kuwa ni walewale wa siku zote. Mwaka 1988 wanasayansi John McDonald na Richard Koehn walipima protini zao, wakakuta ni wa Mediterania. Kisha mwaka 1999 mwenzao Jonathan Geller akachapisha matokeo ya DNA ya vielelezo vya makumbusho: zamani pwani hiyo ilikuwa na kome wa asili, Mytilus trossulus. Mwenyeji alitoweka huko mbele ya macho ya watafiti na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu aliyeshika nafasi yake alifanana naye. Hilo linaniuma kila nikilifikiria.

Afrika Kusini nako huyo wa Mediterania alionekana Saldanha Bay mwaka 1979, lakini hadi 1984 ndipo vipimo vya protini vilipothibitisha ni nani. Leo ameenea zaidi ya kilomita 2,000 za pwani.

Dhana: Wavamizi ni uzao wa wachache, jeni zao ni haba, watakwisha wenyewe.

Jike mmoja humwaga mayai kwa mamilioni, na lava, yaani kome wachanga, huelea kwa majuma kadhaa. Tangi moja la maji ya kuipa meli uzito linaweza kubeba lava wa wazazi wengi, na meli haiji mara moja tu. Hata pale jeni zinapokuwa haba kweli, usitulie: kaa wa kijani wa Ulaya aligunduliwa San Francisco Bay, California, mwaka 1989, akiwa na tofauti chache za jeni kuliko kwao, na bado amepanda kaskazini hadi British Columbia, Kanada, na Alaska.

Dhana: DNA ya mitokondria (viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli) hutoka kwa mama, basi hiyo inatosha kujua mgeni katoka wapi.

Kwa binadamu, sawa. Kwa kome kuna njia mbili. Mama huwapa watoto wote mitokondria yake, na baba huwapa watoto wa kiume ya kwake, ambayo hukaa zaidi kwenye korodani. Fungua kome aliyepevuka: jike mara nyingi ana nyama ya rangi ya chungwa, dume nyeupe ya maziwa. Ukichukua sampuli kwenye ile nyeupe bila kujua, unaweza kupata DNA inayotofautiana na ya jike kwa takriban asilimia 20, ukatangaza kwamba ni koo mbili zilizotoka bahari mbili, kumbe ni dume na jike wa jabali moja. Ndiyo maana lazima zisomwe pia jeni za kiini cha seli.

Dhana: Popote alipo kome wa sura hii, aliletwa.

Australia na New Zealand zina ukoo wao wa kusini wa kome huyu, wa tangu kale. Wageni wa kaskazini wamefika juzijuzi na wanazaana nao. Ukipita ukikwangua kila kome mweusi bandarini, unamwua mwenyeji pamoja na mgeni, na machotara wao.