Mchango wa ndugu aliyeumia uanze na daftari

Wiki ya kwanza baada ya ajali simu hailali. Shangazi wa Tukuyu anatuma elfu kumi, binamu wa Chunya elfu ishirini, jumuiya ya Uyole inapitisha kapu. Wiki ya sita mgonjwa anatakiwa kurudi kliniki kupiga picha ya mfupa, na hata nauli hakuna. Kama afisa ustawi wa jamii hospitalini hapa Mbeya, hali hii naikuta mara kwa mara, na inaniuma kwa sababu inazuilika.

Kijana mmoja alikuwa akimuuguza kaka yake aliyevunjika paja. Michango iliingia kwenye laini ileile anayopokelea hela za viazi pale Mwanjelwa. Tulikaa naye kwenye benchi tukipitia ujumbe mmoja mmoja: huu wa shangazi, huu wa mteja, huu hakumbuki. Hakula hata shilingi ya mgonjwa. Lakini kwenye kundi la WhatsApp la ukoo maneno yalishaanza, wawili wakajitoa, na aliyepata hasara ni yule aliyelala wodini.

Kwa hiyo, kabla ya kuomba mchango wa kwanza, tafuteni laini ya peke yake, au mfuko wa kikundi kama M-Koba. Mmoja ashike fedha, mwingine aandike daftari, wa tatu akague, na wote watatu wasitoke nyumba moja. Kila Jumapili jioni ukurasa wa daftari upigwe picha pamoja na risiti, utumwe kundini. Picha ya mgonjwa na majeraha yake msiisambaze bila ridhaa yake. Kwenye hospitali za serikali bili hulipwa kwa kumbukumbu namba, hivyo ndugu aliye Dar es Salaam anaweza kuilipia moja kwa moja bila fedha kupita mkononi mwa mtu.

Hesabu ndiyo inayowashinda wengi. Familia huwaza operesheni tu. Paja la mtu mzima huchukua miezi mitatu hadi sita kuunga, na miezi yote hiyo kuna magongo, mazoezi ya viungo, chakula cha anayemuuguza, kodi ya nyumba, ada za watoto. Mwenye mguu usiokunjika hawezi kubanana kwenye daladala. Atakodiwa bajaji kwenda na kurudi. Ndiyo maana nawashauri ndugu waahidi elfu tano kila mwezi kwa miezi sita badala ya kutoa elfu thelathini siku moja.

Wakati huohuo, ulizeni nani anawajibika kisheria. Kama ni ajali ya barabarani, hakikisheni PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, imejazwa na nakala mnayo. Bima ndogo, ambayo kila chombo cha moto barabarani kinapaswa kuwa nayo, ipo kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na chombo hicho. Kwa namba ya usajili mnaweza kuangalia kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama bima iko hai. Msikubali kumalizana na dereva kwa laki mbili siku ya pili, kabla daktari hajasema jeraha lina ukubwa gani. Fidia huchelewa, michango ndiyo itakayowavusha, na risiti halisi ndizo mtakazodai nazo. Aliyeumia kazini ana haki kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Mwajiri ndiye anayeuchangia, mfanyakazi hakatwi kitu.

Kama uwezo haupo kabisa, leteni barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji, tufanye tathmini ya msamaha wa bili. Njooni mgonjwa akiwa bado wodini, bili ikiwa changa. Wengi hugonga mlango wetu asubuhi ya ruhusa, nguo zimeshafungwa kwenye mfuko na gari la kukodi linasubiri nje.