Kabla ya kuuliza bei ya mtambo, pima maji yaliyo kwenye taka zako

Ukipita Mafinga utaona mabanzi na vumbi la mbao vimerundikana kando ya mashine za kupasua mbao. Mbarali baada ya mavuno ni vilima vya pumba nyuma ya mashine za kukoboa mpunga. Wanaotujia kuhusu taka hizi huanza na swali lilelile: mtambo wa kuzigeuza kuwa gesi bei gani? Nasi huwauliza: taka zenu ni kavu?

Gesi tunayoizungumzia si bayogesi. Bayogesi hutokana na samadi na vitu vibichi vinavyochachushwa na bakteria bila hewa. Kwenye mtambo huu taka kavu hutiwa kwenye tanuri na kupewa hewa kiduchu, robo hadi theluthi ya ile ambayo ingeziteketeza zote. Sehemu yake huungua na kutoa joto la nyuzi 1,000 hivi. Mvuke na hewa ukaa vikipita kwenye makaa mekundu hugeuka kuwa haidrojeni na kaboni monoksaidi, na hizo ndizo zinazowaka. Lakini karibu nusu ya gesi ni naitrojeni iliyoingia pamoja na hewa, kwa hiyo nguvu yake ni kama moja ya saba tu ya gesi asilia. Usiote kuijaza kwenye mitungi uiuze. Itumie hapohapo, kukaushia mazao au kuendeshea injini.

Ufundi wenyewe ni wa zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, petroli ilipoadimika, magari mengi Ujerumani na Sweden yalitembea yamebeba matanuri ya kuni.

Kinachowashinda wengi ni lami, ule ute mweusi mzito unaotoka kwenye kuni zikipata joto. Kuni zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20, moto hupoa, lami haiungui, inafuatana na gesi mpaka kwenye injini na kugandisha vali. Paini iliyotoka kukatwa yaweza kuwa nusu yake maji! Vumbi la mbao nalo hushikamana likazuia hewa, hivyo lishindiliwe kuwa vitofali kwanza. Pumba za mpunga ni kavu, ila karibu sehemu moja ya tano yake hubaki majivu, mengi yakiwa silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), ambayo joto likizidi huyeyuka na kuganda kama mawe. Tanuri la kuni halizimudu. Pumba zina tanuri la aina yake. Magunzi ya mahindi na vifuu vya nazi havina usumbufu huo.

Na kaboni monoksaidi haina harufu, inaua. Mtambo ukae kwenye banda lililo wazi, kamwe si ndani ya nyumba.

Basi chukua kilo moja ya mabanzi yako, yakaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena. Yakibaki chini ya gramu 800, jenga kwanza banda la kukaushia.