Jasho Lisilokauka: Maswali ya Wakimbiaji wa Mombasa Kuhusu Saa ya Kwanza Baada ya Mbio

Tarehe 24 Machi 2007, mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari pale Mama Ngina. Kenenisa Bekele wa Ethiopia, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa mbio ndefu miaka 5 mfululizo, aliacha mbio njiani, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Joto na unyevu wa hewa viliwatoa wengi siku ile, na hao walikuwa wakimbiaji bora duniani.

Nayakumbuka mashindano hayo kila nionapo kijana amemaliza kilomita 10, fulana imemganda mwilini, kakaa juu ya ukuta anahema. Ushauri mwingi tunaopokea kuhusu kupumzika baada ya mbio umetoka kwa watu wa nchi za baridi, ambao wasiwasi wao wa kwanza ni misuli. Sisi wa pwani wasiwasi wetu wa kwanza ni joto lililobaki mwilini. Haya ndiyo maswali yanayorudi kila mara tukikutana alfajiri.

Nikimaliza, si bora nikae nipumzike?

Bado. Tembea polepole dakika 5 hadi 10 kwanza. Unapokimbia, misuli ya miguu ni kama pampu: kila inapokaza inasukuma damu irudi moyoni. Ukisimama ghafla, pampu inazima ilhali mishipa ya miguuni bado imetanuka, damu inatuama chini, na ubongo unapungukiwa. Ndipo macho yanapoingia giza. Kwetu hali huzidi kwa kuwa mishipa ya ngozi nayo imefunguka ili kutoa joto.

Mtu akianguka mara tu baada ya kusimama, mlaze chali kivulini na umwinue miguu. Wengi hurudi sawa baada ya dakika chache. Tafadhali msimnyanyue na kumkalisha kitini kwa ajili ya kumstiri. Kulala ndiyo dawa yake.

Mbona jasho hunizidi nikishasimama?

Kwa sababu mbili. Misuli imetengeneza joto jingi ambalo bado liko ndani, na ule upepo uliokuwa ukiupata kwa kukimbia umekatika. Kisha kuna hali yetu ya hewa. Jasho linalodondoka chini halikupozi. Linalopoza ni lile linalokauka juu ya ngozi. Asubuhi ya kaskazi, hasa Februari na Machi, hewa imeshiba maji kiasi kwamba jasho halina pa kwenda. Unalowa chapachapa na bado unaungua ndani.

Kwa hiyo usaidie mwili kwa mkono wako. Tafuta kivuli chenye upepo, vua fulana iliyolowa, jimwagie maji kichwani, shingoni, mikononi na miguuni, kisha ujipepee au usimame mbele ya feni. Leso iliyoloweshwa na kutandazwa mabegani inafanya kazi nzuri sana, mradi uiloweshe tena kila inapopata joto.

Mama zetu wengi hukataza maji baridi mwilini wakati mtu ana moto wa mbio, wakiogopa homa ya mapafu au kupooza. Nawaheshimu, lakini homa ya mapafu huletwa na vijidudu, haiji kwa maji ya kuoga. Na maji ya mfereji ya Mombasa hayana ubaridi wa kumdhuru mtu mwenye afya. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha atembee mpaka pumzi itulie, kisha aanze na miguu na mikono taratibu.

Nitajuaje kwamba joto la mwenzangu limekuwa hatari?

Zungumza naye. Muulize yuko wapi, amekuja na nani. Akijibu mambo yasiyoeleweka, akiyumba, akiwa mkali bila sababu, akitapika au akishikwa na degedege, chukulia kwamba joto la ndani ya mwili limepita nyuzi 40. Msidanganywe na jasho: wengi wamefundishwa kwamba mtu huyu lazima awe na ngozi kavu, lakini mkimbiaji aliyezidiwa na joto mara nyingi bado anatiririka.

Hapa kanuni ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Mmoja apige simu ya msaada, wengine waanze kazi papo hapo. Kama kuna pipa lililokatwa au beseni kubwa la kumtosha, mtumbukizeni kwenye maji ya barafu hadi kifuani, kichwa kikiwa kimeshikiliwa juu. Kama hakuna, mmwagieni ndoo kwa ndoo bila kukoma, mkimpepea, na barafu iwekwe shingoni, kwapani na kwenye kinena. Shabaha ni joto lishuke ndani ya nusu saa. Mtu wa Likoni anaweza kuimaliza nusu saa hiyo akingoja feri, na wa Nyali akiwa amekwama darajani. Ndiyo maana nasisitiza maji yaanze pale alipoanguka. Asiye na fahamu timamu asinyweshwe chochote.

Ninywe maji kiasi gani?

Jipime uzito kabla na baada ya mbio, ukiwa na nguo chache na umejifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji. Ukipungua kilo moja, kunywa lita moja na robo hadi lita moja na nusu, kidogokidogo ndani ya saa kadhaa, kwa kuwa sehemu yake itatoka kwa mkojo. Asiye na mizani afuate kiu na atazame mkojo: njano hafifu ni sawa, ukikoza bado unadaiwa.

Usishindane na maji. Ukinywa maji matupu kwa wingi kuliko jasho ulilopoteza, chumvi ya damu inazimuliwa na ubongo unaweza kuvimba. Jambo hili si la nadharia tu. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho, na asilimia 13 walikuwa na sodiamu, yaani madini makuu ya chumvi, iliyoshuka kupita kiasi. Dalili moja muhimu ni mtu kumaliza mbio akiwa na uzito *zaidi* ya aliokuja nao. Akiwa na kichwa kinachouma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, kumwongezea maji ni kumdhuru. Apelekwe hospitali.

Dafu halitoshi?

Dafu ni neema, na mimi hulipenda. Lina maji, sukari kidogo na potasiamu nyingi. Lakini kinachotoka zaidi kwenye jasho ni sodiamu, na dafu halina nyingi. Lita moja ya jasho hubeba wastani wa gramu 2 hadi 3 za chumvi, ingawa watu hutofautiana sana. Wewe ambaye kofia yako hubaki na michirizi myeupe ikikauka, umo katika kundi la wanaopoteza nyingi.

Dawa iko palepale Mama Ngina. Muhogo wa kuchoma unaopakwa chumvi, pilipili na ndimu, ukishushwa na dafu, unarudisha maji, chumvi na wanga kwa pamoja. Jioni kuna supu ya pweza, yenye chumvi na protini. Mwenye presha asijiongezee chumvi kwa kusoma haya. Azungumze na daktari wake.

Nile nini, na upesi kiasi gani?

Kama utakimbia tena siku hiyohiyo, anza kula mapema: gramu moja hivi ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako, kila saa, kwa saa 4 za mwanzo. Kama mbio nyingine ni kesho au keshokutwa, kiamshakinywa cha kawaida ndani ya saa moja au mbili kinatosha. Mahamri na mbaazi za nazi vinakupa wanga na protini. Ongeza mayai mawili au glasi ya maziwa ufikie zile gramu 20 au 25 za protini ambazo misuli inahitaji ili ijikarabati. Tumbo likikataa chakula kwa sababu ya joto, anza na ndizi au uji.

Kunyoosha misuli je? Na kuingia baharini?

Nyoosha ukipenda, lakini usitegemee kwamba kutazuia maumivu ya siku ya pili. Tafiti zimeonyesha tofauti ni ndogo mno. Maumivu hayo hayaletwi na asidi ya laktiki pia, maana hiyo huondoka baada ya saa moja hivi. Ni michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli.

Bahari yetu haiwi bafu la barafu. Maji yake huwa nyuzi 25 hadi 29 hivi, na wanaotumia maji baridi kutuliza misuli hutumia ya nyuzi 10 hadi 15. Ingia kwa raha yako, maji yasipite kiuno, na usiende peke yako kizunguzungu kikiwa hakijaisha.

Nimeze dawa ya maumivu nilale vizuri?

Ibuprofeni na diklofenaki ziache siku ya mbio ndefu. Figo zilizopungukiwa na maji zinaweza kuumizwa nazo. Ukiona mkojo wa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, pamoja na misuli iliyovimba na kuuma kupita kawaida, usingoje kesho. Misuli inaweza kuwa inavunjika na kuziba figo. Na wale wanaokaa kibarazani kutafuna muguka, majani ya jamii ya miraa, baada ya mbio, nawasihi waache: moyo unaendelea kwenda mbio, njaa inapotea, na usingizi, ambao ndio ukarabati wenyewe, haufiki.

Ramadhani nifanyeje?

Kimbia taratibu, mbio fupi, umalize karibu na adhana ya magharibi ili futari isiwe mbali. Jipoze kwa maji ya nje wakati unangoja. Ukifungua, tende tatu na maji, kisha uji au supu yenye chumvi, halafu sali kabla ya chakula kizito. Maji yaliyobaki yagawe mpaka daku, glasi baada ya glasi, badala ya kuyamaliza kwa mkupuo. Ukishikwa na kizunguzungu kisichoisha au ukaanza kuchanganyikiwa kabla ya adhana, fungua. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine.