Hii riinaktimenti ya Waingereza ni kitu gani hasa?

Kama uko Uingereza na mwezi wa saba umewahi kukuta baba mzima kavaa chuma toka kichwani hadi miguuni yuko kwenye foleni ya aiskrimu, usishtuke, sio kichaa, umefika kwenye riinaktimenti.

Yani watu wanarudia tukio lililotokea kweli zamani, mara nyingi vita, kwa nguo na silaha na mpaka misosi ya enzi hizo, na ikiwezekana palepale ilipotokea au jirani yake. Sio thieta, manake wengi hawalipwi, ni wahasibu, manesi, madereva wa lori, na nguo wameshona wenyewe kwa mkono.

Kuna mtu aliniuliza si ndo kama Mwaka Kogwa ya Makunduchi kule Zanzibar? Hapana aisee. Kule watu wanachapana migomba watoe vinyongo vyao wenyewe vya mwaka mzima, huku wanapigania ugomvi wa watu waliokufa miaka 550 iliyopita na mshindi anajulikana hata kabla hujapaki gari.

Chukua Tewkesbury, mji mdogo huko Gloucestershire. Tarehe 4 Mei 1471 mfalme Edward wa Nne wa ukoo wa York aliwachakaza pale wa Lancaster, ukoo waliokuwa wanagombania nao ufalme, na mwana wa mfalme wao, naye anaitwa Edward, akauawa akiwa na miaka 17 tu. Sasa kila Julai wanairudia. Mbona Julai wakati vita ilikuwa Mei? Ni sababu ya jua tu, hamna siri, watu wanalala kwenye mahema ya turubai na baruti ikilowa ndo basi tena. Ila ile ya Hastings ya 1066 wanaifanya Oktoba kwenye tarehe zake, na ubaridi wake.

Kuna kundi kubwa linaitwa Sealed Knot, lilianza 1968, hao vita yao ni ile ya mfalme na bunge iliyoanza 1642. Bunduki zinalipuka kweli na moshi unakuja mpaka kwako lakini risasi hamna, na mwenye bunduki lazima awe na kibali cha polisi. Wenye mikuki mirefu wakikutana wanainyanyua juu afu wanasukumana kwa mabega kama skramu ya raga, na hapo mtu anaweza kuvunjika mbavu kweli, sio maigizo tena.

Kuna na ubishi wa usahihi, saa ya mkononi marufuku, zipu marufuku, simu inafichwa kwenye kipochi cha ngozi. Wamarekani wanaoigiza vita ya Gettysburg ya 1863 wana na neno la kumsimanga aliyevaa hovyo, wanamwita farb. Na vita ile ilipiganwa tarehe 1 hadi 3 Julai, we fikiria koti la sufu kwenye joto lile, mi nadhani jua ndo adui mwenyewe.

Ila wageni wengi wanakosea hapa, wanakuja saa ya vita, wanapiga picha, wanaondoka. Utamu uko kambini, wenyewe wanaita historia hai, mtu anaishi siku nzima kama wa zamani na ukimuuliza chochote anakujibu huku kazi inaendelea. Nilimkuta mama mmoja anatia rangi sufu kwenye chungu, rangi yenyewe inatoka kwenye majani, uzi ukitoka ni wa kijani-kijani kama maji ya mchicha, anaushika juu hivi hewani, na taratibu unageuka bluu mbele ya macho yako. Mwanangu alimwomba arudie mara tatu, na mizinga ilipoanza kulia kule uwanjani aligoma kabisa kutoka pale, ikabidi vita niisikilize tu kwa mbali.