Kifo cha ubongo: kwa nini moyo unapiga na daktari anasema amefariki?

Ukikaa kwenye benchi nje ya ICU hapa Dar, iwe Muhimbili au hospitali nyingine kubwa, ipo siku utalisikia swali hili: "Dokta, moyo si bado unapiga? Sasa mnasemaje amefariki?" Anayeulizwa habari zake labda ni kijana aliyeanguka na bodaboda bila kofia, au mama aliyepasuka mshipa kichwani kwa presha. Mwili una joto na kifua kinapanda na kushuka. Ndugu ana haki ya kuuliza.

Kifo cha ubongo maana yake ubongo, pamoja na shina lake, umeacha kazi na hautarudi tena. Shina ndilo linaloamrisha pumzi. Moyo hausubiri amri hiyo. Una umeme wake wenyewe, na ukipata oksijeni utaendelea kudunda. Oksijeni hiyo inaletwa na mashine. Kile kifua hakipandi, kinapandishwa. Zamani pumzi ikikatika moyo nao ulisimama muda si mrefu, swali halikuwepo. Mashine ndizo zilizolileta, na mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ikaandika vigezo vya kulijibu.

Msichanganye na koma. Aliye kwenye koma yu hai, na wapo wanaoamka.

Kabla ya kupima, madaktari lazima wajue ubongo uliumizwa na nini, kisha waondoe vinavyoweza kuigiza kifo: dawa za usingizi, sumu, presha iliyoshuka, sukari iliyovurugika, mwili uliopoa. Mwongozo wa kimataifa wa 2020 unataka joto lisipungue nyuzi 36. Ndipo wanamulika mboni kwa tochi, wanagusa jicho kwa pamba, wanamwaga maji ya barafu sikioni waone kama macho yatasogea, wanapitisha mrija kooni waone kama atakohoa.

Cha mwisho ndicho kizito. Mgonjwa hujazwa oksijeni kwanza, halafu mashine inaachanishwa naye, huku oksijeni ikiendelea kupita kwenye mrija ili moyo usiumie. Shuka linafunuliwa. Watu wanasimama kimya, macho kifuani na tumboni, dakika nane hadi kumi. Kabonidayoksaidi inapanda kwenye damu. Ikifika milimita 60 za zebaki, shina lenye uhai hata kidogo lingelazimisha pumzi. Jaribu kubana pumzi uone unavyoshindwa. Pale hakuna kinachotikisika.

Ila kidole kinaweza kushtuka, hata mkono ukanyanyuka. Hiyo ni kazi ya uti wa mgongo, haipiti kichwani. Bora ndugu waambiwe mapema, maana akisogea mbele yao bila maelezo, hakuna daktari atakayeaminika tena.

Na saa ya kifo inayoandikwa kwenye faili ni ile vipimo vilipothibitisha, si ile mashine itakapozimwa.