Je, wajua kwa nini mpelelezi huingia kirahisi kwenye ngano?

Wachaga, wenyeji wa Moshi, wana ngano ya Murile. Kijana huyu alitwaa mbegu ya gimbi iliyofanana na mdogo wake, akaificha kwenye shimo la mti, ikageuka mtoto. Akawa anampelekea chakula chake mwenyewe, hata akakonda. Ndugu zake wakamnyemelea, wakamwambia mama, naye mama akaenda akamuua yule mtoto. Murile alipokuta shimo tupu akarudi nyumbani analia. Alipoulizwa, akasingizia moshi wa jikoni. Akaambiwa ahamie upande wa pili wa moto, machozi hayakukoma. Mwisho akatwaa kiti cha baba yake, akaketi nje, kiti kikapaa naye mbinguni.

Itazame vizuri habari ya moshi. Shahidi ametoa sababu, sababu imepimwa kwa kumhamisha, imeonekana ya uongo. Huo tayari ni upelelezi. Kinachokosekana ni fumbo tu, maana msimulizi wa ngano humtaja mtendaji pale pale anapotenda. Hadithi ya upelelezi, tangu Edgar Allan Poe alipoipa sura yake mwaka 1841, huenda kinyumenyume: kwanza kifo, kisha maswali, mtendaji baadaye. Kwa hiyo mwandishi anayeigeuza ngano kuwa hadithi ya upelelezi hahitaji kubuni tukio jipya. Anaanzia kwenye shimo tupu, mama akiwa bado anamenya ndizi kama kawaida.

Utamu mkubwa, kwangu mimi, uko kwenye nia. Ngano haikawii hapo. Mpelelezi lazima aulize kwa nini mama aliua, na jibu linauma: huenda alimwona mwanawe akiisha kwa njaa.

Mazoea yetu nayo yanamsaidia mwandishi. Fisi akikutwa karibu na mbuzi aliyekufa, tunamkamata wenyewe kabla ya ushahidi, huku mhalifu wa kweli akipita.

Kwa Kiswahili njia ilishafunguliwa. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, katika riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, alimpa mpelelezi wake, Bwana Msa, kesi ya mauaji kwenye mzimu, mahali watu walipopaogopa.

Na kiti kinachopaa? Kibaki. Sharti la upelelezi ni msomaji apate dalili zote anazopata mpelelezi. Kama ni nchi ambayo viti hupaa, hilo lisemwe mapema, lisije likawa njia ya kumtorosha mhalifu kurasa za mwisho.