Marufuku haijengi kiwanda: tunayoambiana kuhusu viwanda Zanzibar, na ukweli wake

Msimu wa karafuu ukifika maneno ni yale yale, barazani na kwenye magrupu: sie hatutoki kwa sababu tunauza mali ghafi, serikali ipige marufuku tu, karafuu na mwani visitoke mpaka visarifiwe hapa hapa, wenye viwanda watakuja wenyewe. Inapendeza kuiskia lakini sivyo.

Anza na karafuu. Mnunuzi wake mkubwa wa zamani ni Indonesia, na yule anaitaka nzima, anaikatakata anaichanganya na tumbaku kwenye sigara zao za kretek, na wengine duniani wanaitia kwenye pilau kama sie, sasa ukishaikamua mafuta umemuuzia nini? Yenye maana kukamuliwa ni makonyo, yale yanayobaki watu wakishachambua, na hilo Pemba linafanyika miaka mingi, pale Wawi makonyo yanapikwa kwa mvuke mafuta yanatoka. Kweli konyo lina mafuta kama asilimia 5 mpaka 7 na karafuu yenyewe 15 mpaka 20, ndo mtu mwenye pupa anasema tukamue karafuu bas, anasahau kuwa konyo bila kiwanda karibu ni taka, na karafuu nzima ina bei yake tayari.

Na marufuku Pemba tunaijua jamani. Karafuu zote ziuzwe kwa shirika la serikali, bei ikawa ya kumkatisha tamaa mkulima, matokeo yake magendo, madau yanavuka usiku kwenda Kenya. Kilichopunguza ni bei ilipopandishwa sana 2011.

Mwani ndo kabisa. Watu wanatoa mfano wa Indonesia, eti 2020 walizuia nikeli ghafi isitoke na viwanda vikaja. Vilikuja, lakini wao ndo wachimbaji wakubwa wa nikeli duniani, mnunuzi hana pa kukimbilia. Kwenye mwani wa aina yetu wakubwa ni hao hao Indonesia na Ufilipino, na wetu mwingi ni spinosum, aina ya bei ndogo, kotonii, aina yenye bei nzuri, inakufa maji yakipata joto, kwa hio tukifunga mlango mnunuzi anahamia kwa mwengine na atakaeumia ni mama wa Paje na Jambiani mwenye magunia yake yamekauka hana wa kumuuzia. Halafu kutoa karajinani, ule unga wa kugandishia vyakula unaotoka kwenye mwani, kunataka maji matamu mengi, dawa na umeme usiokatika, na umeme wetu unakuja na waya wa chini ya bahari kutoka bara. Unguja ilikaa gizani toka Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kama sie tunakumbuka basi muekezaji nae kaambiwa.

Jengine, "tuweke ushuru mkubwa, atalipa mgeni". Unalipa wewe dukani, mgeni anapandisha bei tu. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una akili yake, mali ghafi asilimia 0, bidhaa za kati 10, zilizokamilika 25, na toka Julai 2022 zipo za 35, ila ushuru ukipanda kwenye chupa na vifungashio anaebanwa ni yule anaetengeneza sabuni ya mwani na mafuta ya nazi hapa hapa, ambae ndo tulisema tunamlinda.

Tena kuna wale wa upande wa pili, wanaosema matajiri wote walifungua milango wakaacha soko lijiendeshe. Uingereza na Marekani zenyewe zililinda viwanda vyao miaka mingi, hilo halina ubishi.

Sasa watu wakishachoka na yote wanasema tunayo maeneo huru ya uchumi, yale yenye msamaha wa kodi kwa muekezaji, Fumba na Micheweni, inatosha. Yalitengwa toka miaka ya 1990! Mauritius, kisiwa cha sukari, walitunga sheria yao ya msamaha kama huo kwa viwanda vya kuuza nje 1970, lakini walikuwa na pesa za sukari inayouzwa Ulaya kwa bei nzuri, wenye mashamba wakazitia kwenye viwanda vya nguo, na viwanda vya soko la ndani wakaendelea kuvilinda. Msamaha wa kodi peke yake haukufanya kitu. Korea Kusini nayo ilitoa mikopo nafuu, ila na sharti: usipofikia kiwango cha kuuza nje, mwakani hupati. Kwetu msamaha ukishatiwa saini, nani anakwenda mwaka wa tatu kuuliza kiwanda kimeuza nini nje, na kama hakijauza, nani ana ubavu wa kuufuta?